Kifuniko Kimoja kwa Galoni

Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
Dar es Salaam
9 Oktoba 2023

Shangazi Swaumu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Candida, yule mama wa huko kwenu Pemba ya Msumbiji anayekuja Kariakoo kufunga mzigo. Ningepiga simu, lakini masikio yako nayajua, na meseji nikituma kwenye simu ya mkweo Stella inasomwa na nyumba nzima kabla haijakufikia. Basi tuandikiane kama ulivyonizoesha.

Huku kwetu hatujambo. Baba kifua kinambana, lakini jioni humkosi Mnazi Mmoja, anabishana na wenzake habari za mpira. Violeth, mwenye steshenari ninakokodi meza, kajifungua mtoto wa kike. Nisalimie sana mumeo, Baba Mwinyimvua. Miaka sita mlinilea nyinyi wawili, na Kireno kinachonilisha leo nilikipata mezani kwenu.

Kazi ipo, wala si haba. Wanunuzi wa Msumbiji wamejaa Kariakoo na kila tajiri anataka karatasi za bidhaa zake ziwe kwa Kireno. Wiki iliyopita nimejiaibisha. Muuza vitanda kaniletea karatasi ya Kiingereza, kitanda cha futi sita, nami nikaandika "cama de seis pés". Candida alicheka mpaka akakaa chini. Ananiambia, "Dada, umetuuzia kitanda chenye miguu sita!" Nilifuta, nikaandika kwa mita.

Sasa nina swali zito kidogo. Tajiri mmoja anaitwa Hashimu kaleta dawa ya kutibu maji ya kunywa. Chupa ndogo, ya plastiki. Karatasi yake inasema utie "one capful to a gallon", yaani kifuniko kimoja kwa galoni moja, usubiri nusu saa. Chini yake wameandika "a little goes a long way". Galoni niandike "galão"? Na huo usemi wa mwisho nimeuweka hivi: "um pouco chega para muito", kidogo chatosha kwa kingi. Nimeupenda, lakini nataka jicho lako. Tena wameandika chupa ikaguliwe "every other day". Hiyo ni siku moja ndiyo, moja siyo, au vipi?

Hashimu ana haraka. Nakusubiri.

Binti yako,
Badria


Pemba, Msumbiji
2 Novemba 2023

Mwanangu Badria,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Candida wiki mbili kwa sababu gari lao liliharibika kabla ya mpaka. Usimlaumu. Hatujambo, ila joto linatutesa. Baba Mwinyimvua amefurahi kusikia kaka yangu bado anabishana, kasema mtu akinyamaza ndipo muanze kuwa na wasiwasi. Stella ana mimba ya miezi mitatu. Usimwambie mtu, hata mimi sijaambiwa, nimeona tu.

Kitanda cha miguu sita nimekicheka peke yangu jikoni.

Lakini galoni, Badria, hapana. Usiandike "galão". Ukimwambia mwanamke wa huku "galão", yeye anaona dumu lake la njano, lile la lita ishirini analobeba kichwani kutoka bombani. Na hapo Kariakoo si ndivyo hivyo hivyo? Galoni ya Mwingereza haifiki lita tano. Kifuniko kimoja ndani ya dumu zima ni sawa na hakuna kitu. Maji yatakuwa machafu kama yalivyokuwa, na mtu atayanywa kwa moyo mkunjufu kwa sababu karatasi imemwambia ni salama. Andika lita. Andika "kwa lita nne na nusu", halafu andika tena "kwa dumu la lita ishirini, vifuniko vinne na nusu". Rudia, usione haya kurudia.

Ule usemi uondoe. Kireno chako ni kizuri, mwalimu wako nimejivuna. Lakini maneno hayo ni ya kumsifu muuzaji. Mtu asiye na uwezo ukimwambia kidogo chatosha, atatia kidogo zaidi ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi.

"Every other day" ni "dia sim, dia não". Ungeandika "todos os outros dias", yaani siku nyingine zote, ungewachanganya kabisa.

Nijulishe ulivyofanya.

Shangazi yako,
Swaumu


Kariakoo
20 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe kumi na moja. Hapa mvua hazitaki kutuacha, Jangwani maji yamekata barabara, na Kariakoo tunatembea juu ya mbao na matofali. Mzigo wa watu umelowa. Baba yuko salama, anakusalimu. Hongera ya Stella nimeimeza moyoni.

Ahsante kwa maelezo. Nimeyasoma yote na nimeyazingatia. Kazi ya ile dawa imekwisha salama.

Nikuchekeshe. Muuza vitenge mmoja kaandika mlangoni kwa Kiingereza kwamba anampa mteja "the whole nine yards". Maana yake anampa kila kitu, hakuna kilichobaki. Anataka nimwandikie na Kireno. Nikamwambia, "Bosi, nikitafsiri neno kwa neno, kila Mmsumbiji atakudai yadi tisa kwa bei ya sita." Kafuta maneno yote, kabakiza jina la duka. Wewe ungesemaje hapo?

Hashimu kanipa kazi nyingine, kitabu kizima cha pampu. Kwa hiyo nikichelewa kuandika, ujue ni hizo pampu.

Nawapenda.
Badria


Pemba
14 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na mwaka mpya uwe wa heri. Naandika haraka, Candida anaondoka.

Kipindupindu kimeingia. Mtaa wa juu wamezika watu wanne. Kwa Sitara, jirani yetu wa ukuta mmoja, binti yake, Tatu, tumemzika leo. Ana miaka saba.

Dawa yako imefika. Candida alileta katoni nyingi mwezi uliopita na nusu ya mtaa imenunua. Jina lako nimeliona chini ya karatasi, mahali pa mfasiri, kwa herufi ndogo, "tradução: Badria Bakili". Karatasi yenyewe sijaisoma, nitasoma nini, mkono ulioiandika naujua.

Baba Mwinyimvua tumbo linamsumbua tangu jana. Anasema ni chakula.

Tuombeeni.
Swaumu


Kariakoo
18 Januari 2024

Shangazi,

Candida amenipa barua yako sasa hivi, nimeisomea palepale kwenye mzigo wake. Simu ya Stella nimeipiga tangu saa nne asubuhi, haipatikani. Candida anasema minara imezimika kwa mvua. Kuna kijana wa lori anaondoka leo hii, nampa hii.

Shangazi, nakuomba, maji yote mnayokunywa yachemsheni. Nasikia zipo chupa ambazo karatasi zake zina kosa la kipimo. Usifuate karatasi. Dumu la lita ishirini litiwe vifuniko vinne na nusu, kama ulivyosema mwenyewe. Waambie na majirani. Waambie leo.

Baba Mwinyimvua apelekwe hospitali, asingoje. Tumbo la kipindupindu halingoji. Apewe maji ya chumvi na sukari njia nzima.

Pole nyingi kwa Sitara. Tatu simjui, lakini nimemwombea.

Nijibu neno moja tu, kwamba amepona.

Badria


Pemba
3 Machi 2024

Badria,

Barua yako ya Januari ilifika tumeshamzika. Alifariki tarehe kumi na saba, alfajiri, hospitali, mkono wake mkononi mwangu. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Siku nne tu, mwanangu. Mwanaume aliyekuwa akibeba gunia la mchele begani.

Kaka Bakili alifika kwenye arobaini. Namshukuru, safari ni ndefu na kifua chake hakiko sawa. Nikamuuliza, "Badria yuko wapi?" Akaniambia unaumwa. Hakusema unaumwa nini, nami sikumwuliza tena mbele za watu.

Niko edani. Nimevaa nyeupe, sitoki, nasikia mtaa kwa mbali kupitia ukutani, hata kwa masikio haya. Stella ndiye anayekwenda sokoni na tumbo lake. Huko kwa Sitara kumenyamaza. Zamani Tatu alisoma masomo yake kwa sauti kubwa, hata mimi nikamsikia.

Daktari kasema kipindupindu. Wamekufa na watu ambao chupa ile hawakuwahi kuigusa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa yakini Mwinyimvua aliuawa na nini, na mimi sisemi.

Ila karatasi iko mbele yangu. "Uma tampa por galão." Kifuniko kimoja kwa galoni. Na chini, kwa herufi nene, "um pouco chega para muito".

Mimi nilikuandikia tarehe mbili Novemba. Wewe ulinijibu kwamba umeyazingatia. Sitaki maelezo marefu. Nataka tarehe. Karatasi hizi zilichapwa lini?

Swaumu


Kariakoo
7 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina haki ya kuanza na habari za nyumbani, kwa hiyo siandiki.

Zilichapwa tarehe kumi na tatu Oktoba. Nilikuandikia Jumatatu, Ijumaa zikachapwa. Hashimu alisema hawezi kusubiri barua ya bibi mmoja aliyeko Msumbiji, na mimi nikakubali, nikaweka "galão" kwa sababu hapa kila mtu anasema galoni na nilidhani litaeleweka. Barua yako ilipofika karatasi zilikuwa zimeshatoka wiki nne, lakini chupa nyingi zilikuwa bado hapa, ghalani. Hilo ndilo sikukwambia. Zilikuwa bado hapa.

Nilikwenda kwake siku ileile, tarehe kumi na moja Novemba. Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Karatasi elfu sita zimeshachapwa, Badria. Unataka nizile?"

"Tubandike kibandiko tu juu ya lile neno. Nitabandika mwenyewe."

"Kwani kuna mtu kalalamika?"

"Bado hawajatumia."

"Basi hakuna tatizo." Halafu akafungua droo, akatoa kile kitabu cha pampu. "Hii nayo nataka ikamilike kabla ya Krismasi. Utaiweza au nimpe mwingine?"

Nikakichukua, Shangazi. Nilikichukua kwa mikono miwili na nikasema ahsante. Siku tisa baadaye ndipo nikakuandikia ile barua ya vitenge. Nilikuwa nakuchekesha ili usiniulize.

Msibani sikuja kwa sababu hiyo. Siumwi. Baba anajua tangu aliporudi kutoka kwako. Nimemwambia, hajasema nami mpaka leo isipokuwa kuitikia salamu.

Nilichofanya ni hiki, na najua kimechelewa. Mwezi wa pili, nilipoona hunijibu, nilimweleza Violeth. Yeye ndiye aliyesimamisha kazi za wateja, tukachapa vibandiko vyenye lita na michoro ya dumu. Nimepita maduka yote ya Mtaa wa Sikukuu na Narung'ombe yanayouza dawa ile. Wengine waliniruhusu nibandike, wawili walinifukuza. Hashimu alinikuta kwenye duka la tatu. Alisema, "Unanichafulia jina mbele ya wateja wangu." Nikamwambia, "Jina langu ndilo liko chini ya karatasi." Kaninyang'anya bunda, kalitupa mtaroni, na hakuna tajiri rafiki yake anayenipa kazi tangu hapo. Nimekwenda Posta, kwenye ofisi inayokagua dawa na bidhaa, nimeacha chupa, karatasi na nakala ya barua yako. Nimeandika jina langu kwamba mfasiri ni mimi. Wamesema wataniita. Sijaitwa.

Candida amebeba vibandiko mia nane. Ni vya huko kwenu.

Siombi kitu. Ulitaka tarehe, nimekupa.

Badria


Pemba
9 Juni 2024

Badria,

Marahaba, ile ya mwezi wa nne nakuitikia leo.

Nimetoka edani siku kumi na tatu zilizopita. Stella kajifungua mtoto wa kiume, mzima, analia kwa hasira. Vibandiko vilifika. Stella na Candida walikwisha kubandika vingi kabla sijatoka, na kipindupindu nacho kilikuwa kimetulia.

Barua yako niliisoma mara nyingi kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Nimekaa nayo miezi miwili bila kukujibu, na hasira haikuwa sababu pekee. Wewe umeandika kweli, na mimi nilikuwa nimekudanganya.

Nilikuandikia Januari kwamba karatasi sijaisoma. Niliisoma. Niliisoma Desemba, tena kwa sauti. Candida alipoleta katoni zile wanawake walikusanyika uwanjani kwangu, na mimi ndiye mwalimu, nikasimama na miwani yangu nikawasomea. Kabla ya kuanza nikawaambia, "Hii kaiandika binti wa kaka yangu, nilimfundisha mimi." Wakapiga vigelegele. Nikafika kwenye "galão" na nikaliona. Sitara alikuwa mbele, Tatu kamkalia mapajani.

Ningesema pale pale, "Jamani, hapa pana kosa." Maneno manne. Lakini nilikuwa nimeshajisifu, na vigelegele vilikuwa bado masikioni mwangu, hata haya yasiyosikia. Nikajiambia pengine Badria anajua asichonijulisha, pengine dawa hii ni kali. Nikaendelea kusoma hadi mwisho, na ule usemi wako nao nikausoma vizuri kabisa.

Usiku wa siku ile sikulala, na kulipokucha nilimwambia Stella, "Hapa nyumbani tia vitano." Hapa nyumbani tu. Kwa hiyo maji ya nyumba hii yalikuwa salama, Badria. Baba Mwinyimvua hakunywa maji mabaya kwangu. Alikunywa barazani kwa Sitara, alipokuwa anakaa kila alasiri na mumewe, wanacheza bao na kuchota maji ya kunywa kwenye dumu lao la njano.

Hilo ndilo lililonikaa kifuani miezi minne na siku kumi, nimevaa nyeupe, watu wanakuja kunipa pole na Sitara akiwa mmoja wao. Alikuwa ananiletea uji. Mwanamke aliyezika mtoto.

Siku ya pili baada ya kutoka edani nilikwenda kwake. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, kusimama kwangu uwanjani, vifuniko vitano vya nyumbani kwangu, na hata barua niliyokuwa nimekuandikia Novemba kukutahadharisha. Mwisho akauliza swali moja.

"Siku ile unatusomea, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na Tatu ulimwona?"

"Nilimwona."

Akaweka ungo chini. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, nenda kwako." Alifunga mlango mkubwa na ule wa uani. Tangu siku hiyo hapiti mbele ya nyumba yangu; anazunguka kwa nyuma hata akiwa na maji kichwani. Wanawake wengine niliwaita uwanjani pale pale nikawaambia. Wapo waliolia, yupo aliyenitukana, wengi waliondoka kimya. Nimewapa wote vipimo, mmoja mmoja, dumu likiwa mbele yetu.

Kila asubuhi nagonga kwa Sitara mara moja tu. Hafungui. Mumewe jana alitoka uani akaniambia nisichoke, au pengine alisema nisirudi. Masikio haya. Nilimwomba arudie, akaingia ndani.

Unaniuliza bila kuniuliza kama nimekusamehe. Sijui. Kuna siku naamka nina hasira na wewe, na kabla ya adhuhuri hasira yote imenigeukia mimi. Kaka nimemwandikia aseme nawe. Mtoto hasusiwi kwa kusema kweli, hata ikichelewa. Ofisi ile ya Posta usiiache. Nenda tena, na barua hii iongeze juu ya zile nyingine. Jina langu liwemo.

Candida ananiambia umeshapanga safari ya kuja kwenye kaburi. Usije sasa. Kaburi la Mwinyimvua na la Tatu yako safu moja, na huwezi kusimama kwa mmoja ukampita mwingine. Ukija, itabidi kwanza twende kwa Sitara, mimi na wewe, na bado hajatufungulia.

Swaumu